Kabla ya Kulitunza Ua, Ulizeni Wazazi Wake

Wakulima wenzangu, leo sitaki kuwaandikia habari za mahindi wala za ng'ombe wa maziwa. Nataka kusema juu ya ua la chunguni. Najua wako watakaocheka na kufunua ukurasa mwingine, wakisema, "Maua ni mambo ya watu wa mjini wasioshika jembe." Nawaomba wavumilie kidogo. Makosa niliyoyafanya mimi juu ya ua hili yaliwapotezea watu fedha zao, na makosa yale yale hufanywa kila msimu kwa miche ya matunda na kwa mbegu za mahindi. Atakayesoma hadi mwisho ataona ya kuwa habari hii yahusu shamba lake pia.

Ua lenyewe ni begonia. Si begonia zote, maana za porini peke yake duniani ni zaidi ya aina 2,000. Nasema juu ya ile chotara yenye maua mazito yaliyojikunja kama mawaridi madogo, mekundu, ya manjano, ya rangi ya machungwa au meupe, na majani ya kijani yang'aayo. Huwekwa barazani au juu ya meza karibu na dirisha, nayo hupamba nyumba kwa miezi miwili au zaidi. Wauzaji wengi wa kando ya barabara huiita "begonia ya kiazi". Jina hilo ndilo lililotuponza.

KOSA LANGU

Kikundi kimoja cha akina mama kijijini kwetu kiliweka akiba kidogo kidogo, kisha kikanunua vyungu thelathini vya begonia hii. Shauri lao lilikuwa jema. Walitaka kuizidisha, wapate kuuza vyungu wakati wa arusi na sikukuu. Maua yalichanua vizuri sana, hata wapita njia wakasimama kutazama. Baada ya miezi miwili na nusu yakaanza kupukutika, na mashina yakabaki marefu na membamba.

Akina mama wakaja kuniuliza mimi la kufanya, kwa sababu hapa kwetu najulikana kuwa mtu wa vitabu. Nami sikutaka kuonekana sijui. Nikafungua kitabu nilichokuwa nacho, nikatafuta begonia ya kiazi, nikawasomea: maua yakiisha, punguzeni maji mpaka muyaache kabisa, majani yakauke, kisha chimbueni kiazi, mkiweke katika mchanga mkavu mahali penye giza, na baada ya miezi miwili au mitatu mkipande tena.

Wakafanya hivyo kwa uaminifu. Siku ya kuchimbua nilikuwapo. Tulimwaga chungu cha kwanza, hapakuwa na kiazi. Tukamwaga cha pili na cha tatu. Katika vyungu vyote thelathini tulikuta visiki vya mashina vilivyovimba kidogo kama kidole gumba, vimekauka na kufa. Mama mmoja mzee akanitazama, akasema kwa upole, "Mwalimu, kitabu chako kilikuwa kikieleza habari za mmea mwingine."

Alisema kweli. Kitabu hakikukosea, na wala akina mama hawakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, kwa kuwa niliamini jina kabla ya kuuliza ukoo. Tangu siku hiyo nimeshika neno moja, nalo ndilo shauri langu kwenu leo: mtu asinunue mmea wowote, wala asiutunze, kabla ya kujua ulizaliwa na nani.

UKOO WA BEGONIA HII

Begonia ya kiazi ya kweli asili yake ni milima ya Andes, huko Bolivia, Peru na nchi jirani zake. Katika miaka ya 1860 mtafutaji wa mimea aitwaye Richard Pearce alipeleka mimea ya huko Uingereza kwa kampuni ya bustani ya Veitch. Mtunza bustani wa kampuni hiyo, John Seden, akaichanganya, na mwaka wa 1870 chotara ya kwanza ya begonia za kiazi ikatolewa. Mimea ya ukoo huo huota kiazi hasa chini ya udongo. Siku zikiwa fupi na hali ya hewa ikibadilika, huacha majani yake yafe na kulala ndani ya kiazi mpaka msimu wake urudi.

Mzazi wa pili hakutoka mbali na sisi. Alitoka kisiwa cha Sokotra, mashariki ya Pembe ya Afrika, kisiwa ambacho mabaharia wa majahazi katika bahari yetu wamekijua tangu zamani. Mwaka wa 1880 mtaalamu wa mimea kutoka Scotland, Isaac Bayley Balfour, alikwenda huko na kukuta begonia ndogo yenye majani ya mviringo kama sahani na maua ya rangi ya waridi. Mmea huo hufanya kinyume cha ndugu zake wa Andes. Hulala wakati wa joto kali na pepo kavu za kusi, ukiacha vitunguu vidogo vidogo chini ya shina, kisha huamka na kuchanua katika miezi ya baridi, siku zinapokuwa fupi.

Huko Uingereza bwana mwingine wa kampuni ile ile, John Heal, akawaoza wawili hao. Mwaka wa 1883 ikapatikana begonia iliyochanua wakati wa baridi kama mzazi wa Sokotra, lakini yenye maua makubwa kama ya mzazi wa Andes. Baadaye, katika miaka ya 1950, Otto Rieger wa Ujerumani akaitengeneza zaidi, ikawa na nguvu na kustahimili magonjwa kuliko zile za kwanza. Hiyo ndiyo iliyoenea duniani, na ndiyo inayouzwa hapa kwetu. Wataalamu huiita Begonia × hiemalis, maana yake begonia ya majira ya baridi.

Sasa tazameni. Mzazi mmoja hulala katika kiazi. Mzazi wa pili hulala katika vitunguu. Mtoto wao hakurithi kiazi kamili wala hakurithi vile vitunguu. Ana shina lililovimba kidogo tu karibu na udongo, na humo hamna akiba ya kutosha kumngojesha miezi mitatu bila maji. Wazazi wote wawili wajua kulala usingizi mzito, mtoto hajui. Ukimkausha ili alale, unamuua. Hilo ndilo nililowafanyia akina mama wale, kwa kutojua.

JAMBO HILI TUNALIJUA KATIKA MAHINDI

Mkulima wa Kenya hana haki ya kusema kwamba mambo ya chotara ni mageni kwake. Mwaka wa 1964 Kitale ilitoa mahindi ya haibridi yaliyoitwa H611. Mzazi mmoja alikuwa mahindi yaliyotengenezwa hapo hapo, Kitale Synthetic II, na wa pili alikuwa Ecuador 573, mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, nchi ya milima ile ile ya Andes. Ndoa hiyo ya mbali ndiyo iliyozaa nguvu tuliyoiona mashambani.

Na tangu wakati huo tumeambiwa mara nyingi: msipande tena mbegu mliyovuna katika haibridi, maana watoto hutawanyika, huyu akamfuata babu na yule akamfuata bibi, na mavuno hupungua. Walioshika neno hilo walipata. Walioona uchungu wa kununua mbegu wakapanda za ghalani, walijuta.

Begonia hii ni vivyo hivyo, tena zaidi. Nyingi zake ni tasa, hazitoi mbegu yenye kuota. Kwa hiyo mtu akikuuzia pakiti ya mbegu akasema ni za ua lile ulilolipenda, usifungue mkoba wako upesi. Kwa kawaida ua hili huzidishwa kwa vipandikizi vya shina au vya jani, na kila kipandikizi huwa ni mmea ule ule, rangi ile ile, kama pacha.

NAMNA YA KULITUNZA

Baada ya kujua ukoo, utunzaji wake si mgumu. Nitasema machache niliyoyajaribu na kuyaona.

Mahali pake. Mzazi mmoja ni wa milimani na mwingine huchanua wakati wa baridi, basi mtoto hapendi joto kali. Hufurahi palipo na nyuzi 15 hadi 22 za Selsiasi. Nyanda za juu za Limuru, Nyandarua, Kericho, Kisii na Nairobi zinafaa sana. Usiku wa Julai ukiwa mkali, ingizeni chungu ndani, mbali na kioo chenye baridi. Kipeni mwanga mwingi lakini si jua la saa sita. Dirisha la mashariki, linalopata jua la asubuhi, ndilo bora.

Ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu wasijisumbue na begonia hii, joto litaimaliza. Wao wana mmea wao wa asili, Zamioculcas, wenye majani mazito yang'aayo na shina nene la chini ya udongo mfano wa kiazi, ambalo huweka maji ya kuuvusha wakati wa kiangazi. Huo ndio wa kusahauliwa wiki tatu bila kumwagiliwa na usife. Mzidishe huo, lakini msiuchimbue msituni. Jani moja la mmea wa jirani, likichomekwa katika udongo mwepesi, hutoa mmea mpya kwa subira. Wala usiliwe, maana huwasha kinywa na koo.

Udongo. Mizizi ya begonia ni myembamba kama nyuzi, haivumilii udongo wa mfinyanzi unaoshikamana. Changanyeni mafungu mawili ya mboji iliyooza vizuri, fungu moja la udongo wa juu na fungu moja la mchanga wa mto uliooshwa, au la vile vijiwe vyepesi vya volkeno vielekeavyo kuelea majini. Chungu kiwe na matundu chini. Mkebe usio na tundu ni kaburi la begonia.

Maji. Hapa ndipo wengi huua. Watu wengi huua ua la chunguni kwa huruma kuliko kwa uvivu. Kila apitaye humtilia maji kidogo: mama asubuhi, mtoto akitoka shuleni, mgeni akinawa mikono. Chagueni mtu mmoja tu nyumbani awe mwenye kazi hiyo. Atie kidole udongoni mpaka pingili ya kwanza. Udongo ukiwa mbichi, aache. Ukiwa umekauka hapo juu, atie maji ya kutosha mpaka yatoke chini, na baada ya nusu saa amwage yaliyobaki katika kisahani. Maji yatiwe asubuhi, juu ya udongo, kamwe yasimwagwe juu ya majani wala maua.

Mbolea. Ikiwa yachipua na kuchanua, ipeni mbolea ya maji kila wiki mbili, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa. Msiimwagie nguvu za naitrojeni kama mnaotaka sukumawiki. Mtapata majani mengi laini, na majani laini ndiyo chakula cha ukungu.

Magonjwa. Adui wa kwanza ni ukungu mweupe, kama unga uliomwagika juu ya majani. Huja mahali penye hewa iliyosimama na vyungu vilivyosongamana. Tengeni vyungu, fungueni dirisha, ondoeni majani yaliyoshikwa. Adui mbaya zaidi ni ugonjwa wa bakteria. Huanza kwa madoa madogo yanayoonekana kama yameloweshwa mafuta, kisha jani huwa la manjano na kufa, na ugonjwa huingia katika shina. Huo hauna dawa ya kuuponya mmea. Uchomeni pamoja na udongo wake, osheni kisu na chungu, wala msikate kipandikizi kutoka mmea huo hata kama tawi moja laonekana zima. Najua inauma kuchoma mmea ulioununua. Lakini aliyeshindwa kuchoma mmoja huchoma thelathini.

Maua yakiisha. Hili ndilo nililopaswa kuwaambia akina mama. Msiikaushe. Kateni mashina yabaki urefu wa inchi mbili au tatu juu ya udongo. Punguzeni maji, lakini udongo uwe na ubichi kidogo wakati wote. Baada ya wiki chache machipukizi yatatoka pale shina lilipovimba, na hayo ndiyo mali yenu.

KUZIDISHA

Kateni chipukizi lenye majani na lisilo na ua, urefu wa inchi tatu hivi. Ondoeni majani ya chini, chomekeni katika mchanga na mboji yenye ubichi, kisha funikeni kwa mfuko wa plastiki mweupe wa kupitisha mwanga, ukitobolewa kidogo upate hewa. Wekeni mahali penye mwanga bila jua. Katika wiki tatu au nne mizizi hutoka. Jani lenye kikonyo chake huota pia, lakini huchukua muda mrefu zaidi.

Sasa lipo jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havituambii, kwa kuwa vimeandikwa kwa nchi yao. Begonia hii huchanua siku zinapokuwa fupi, yaani mchana ukipungua kufikia saa kumi na tatu hivi. Huko Ulaya wakulima hulazimika kuifunika kwa nguo nyeusi wakati wa kiangazi chao ili wafupishe mchana. Sisi tuko kwenye Ikweta. Mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Basi kwetu hapa ua huchanua mwezi wowote, bila nguo nyeusi. Hiyo ni baraka tuliyopewa bure.

Lakini baraka hiyo ina upande wa pili. Mmea unaochanua daima hautoi machipukizi mema ya kupanda, kwa kuwa nguvu zote zaenda katika ua. Atakaye vipandikizi na atenge mimea michache iwe mama, aondoe vichwa vya maua vinapojitokeza, na awashe taa karibu nayo kuanzia magharibi mpaka saa nne ya usiku. Taa ndogo yatosha. Mmea hudhani siku ni ndefu, huacha kuchanua, hujaza machipukizi. Mashamba makubwa ya nyanda za juu, hapa Kenya na huko Ethiopia na Uganda, yanayotoa vipandikizi vya maua ya vyungu visivyo na mizizi na kuvipeleka Ulaya kwa ndege, hutumia elimu ya namna hii ya mwanga na giza. Lisilowezekana kwa mkulima mdogo ni ndege; taa anaweza.

MAONI YANGU

Sasa nasema neno ambalo pengine halitawapendeza wauza miche. Nionavyo mimi, mche wowote usio na kibandiko chenye jina lake kamili haufai kununuliwa. "Begonia ya kiazi" si jina kamili. "Mparachichi mzuri" si jina. "Ndizi za kisasa" si jina. Mtu anayeuza mche bila jina anauza bahati nasibu, na mnunuzi huja kujua kama ameshinda baada ya miaka.

Katika begonia hasara ni vyungu thelathini na miezi michache. Katika parachichi hasara ni kubwa kuliko hiyo. Mtu hununua miche mia akiambiwa ni Hass, apande ekari nzima, angoje miaka, kisha aone matunda ya kila umbo na kila rangi, kwa sababu miche ile ilitoka katika kokwa na haikuunganishwa. Hass, kama begonia yetu, haizai watoto walio sawa naye kwa mbegu, lazima iunganishwe. Mwenye shamba hilo hawezi kurudishiwa miaka yake, hata kama muuzaji akipatikana.

Wako watakaonijibu, "Muuzaji wa barabarani ni mtu maskini anayetafuta riziki, kibandiko atakitoa wapi?" Nami namhurumia. Lakini aliyemuuzia yeye alijua jina, au alipaswa kulijua. Karatasi ndogo na kalamu si gharama. Na mnunuzi naye ni maskini anayetafuta riziki. Akina mama wale hawakuwa matajiri.

Wengine watasema, "Elimu ya ukoo ni ya wataalamu." Hapana. Mfugaji wa Kenya haulizi mtaalamu ndipo ajue kwamba ndama ana baba. Hununua ndama akiuliza fahali gani, ng'ombe gani, maziwa kiasi gani. Kwa nini basi aulizaye hivyo sokoni kwa ng'ombe, akifika kwenye miche hufumba mdomo?

Kwa hiyo nawapa maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa fedha. La kwanza: jina lake kamili ni nani, na wazazi wake ni akina nani? La pili: huzidishwa kwa mbegu, kwa kipandikizi, au kwa kuunganishwa? La tatu: nina ruhusa ya kuuzidisha na kuuza? Hili la tatu wengi hawalijui. Aina mpya nyingi za maua zina wenyewe. Kenya iliingia mwaka wa 1999 katika mapatano ya mataifa ya kulinda haki za watu wanaotengeneza aina mpya za mimea. Kuzidisha aina yenye haki hiyo ili kuuza, bila idhini ya mwenyewe, ni kuvunja sheria. Aina za zamani ambazo haki zake zimekwisha ni huru kwa wote. Basi ulizeni mapema, kabla hamjajaza baraza. Na yule atakayesafiri asifiche kipandikizi ndani ya sanduku. Kuingiza mmea nchini kwataka kibali cha KEPHIS, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani ya jani moja.

Muuzaji asipoweza kujibu maswali hayo, msimtukane wala msimfukuze. Mwambieni tu, "Tutarudi utakapojua." Wakimwambia hivyo watu kumi, atajua.

MWISHO WA HABARI

Akina mama wale hawakunitupa, ingawa walikuwa na haki ya kunitupa. Mwaka uliofuata walinunua vyungu sita tu, safari hii kwa mtu aliyeweza kueleza ni aina gani ya zamani na huzidishwaje. Hatukukausha hata kimoja. Tulikata, tukangoja, tukapanda machipukizi chini ya mifuko. Mengine yalioza, maana tulitia maji mengi tena. Huruma ni ugonjwa usiopona upesi. Lakini yaliyosalia yalitosha kujaza ubao mrefu barazani kwa mweka hazina wao, na taa moja ikawaka hapo kila jioni hadi saa nne.

Mama mzee yule ndiye mwenye kazi ya maji sasa. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa mkebe. Na kila chungu kinachotoka kwake kuuzwa kina kijiti kilichochomekwa udongoni, kimeandikwa kwa penseli jina la ua, na chini yake maneno mawili: "Usinikaushe."

Wakulima wenzangu, kama mama huyo ameweza kuandika kijiti kwa ajili ya ua la chunguni, mwenye kitalu cha maparachichi ana sababu gani ya kushindwa? Waswahili husema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ulizeni.